Mwongozo kamili: kujenga sentensi za Kijapani kwa kitenzi, yambwa na vijineno vyake

*Watashi wa tabemasu gohan.* *Gakkoo ni benkyoo shimasu.* *Tomodachi o aimasu.*

Makosa haya matatu hujirudia kwenye daftari baada ya daftari la mzungumzaji wa Kiswahili anayeanza Kijapani. Maneno yenyewe ni sahihi. Aliyeandika anajua "wali", anajua "shule", anajua "rafiki". Kinachomwangusha ni namna ya kuyaunganisha.

Kiswahili hupakia karibu kila kitu ndani ya kitenzi. Neno "nimemwandikia" peke yake linakwambia nani ametenda, lini, na katendewa nani. Kitenzi cha Kijapani hakibebi mzigo huo. Kazi ya kuonyesha nani kafanya nini, wapi na kwa kutumia nini imeachiwa vijineno vifupi vinavyobandikwa nyuma ya nomino, ambavyo Wajapani huviita *joshi*. Na kitenzi ndicho kinachoamua kijineno kipi kitumike. Kwa hiyo usikariri kitenzi peke yake hata siku moja. Kikariri pamoja na kijineno chake, kama unavyojifunza nomino ya Kiswahili pamoja na ngeli yake.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Karatasi ngumu zilizokatwa kadi 40, ukubwa wa kadi za karata.
- Kalamu za rangi tatu: kijani kwa nomino, nyekundu kwa vijineno, bluu kwa vitenzi.
- Nomino 15: *gohan* (wali, au mlo wowote), *pan* (mkate), *sakana* (samaki), *niku* (nyama), *mizu* (maji), *koocha* (chai ya rangi), *koohii* (kahawa), *hon* (kitabu), *tegami* (barua), *shinbun* (gazeti), *terebi* (televisheni), *ongaku* (muziki), *kuruma* (gari), *kippu* (tiketi), *shashin* (picha).
- Vitenzi 12: *tabemasu* (kula), *nomimasu* (kunywa), *yomimasu* (kusoma maandishi), *kakimasu* (kuandika), *mimasu* (kutazama), *kikimasu* (kusikiliza), *kaimasu* (kununua), *tsukurimasu* (kutengeneza, kupika), *torimasu* (kupiga picha), *machimasu* (kusubiri), *akemasu* (kufungua), *shimasu* (kufanya).
- Kadi 13 za vijineno: *o* nne, *ni* tatu, *de* mbili, na moja moja za *wa*, *ga*, *to*, *ka*.
- Simu yenye kibodi ya Kijapani, kama unataka kuandika kwa hiragana (mwandiko wa silabi wa Kijapani).

Irabu tano za Kijapani hutamkwa karibu kama zetu, kwa hiyo hapo hakuna kazi. Kazi iko kwenye urefu. Humu irabu ndefu imeandikwa mara mbili, kama tunavyoandika "choo" na "mguu". Usiifupishe: *biiru* ni bia, *biru* ni jengo la ghorofa. *Obasan* ni shangazi, *obaasan* ni bibi, na hakuna shangazi atakayefurahia ukimwongezea umri. Silabi ya mwisho ya *masu* nayo haitamkwi kwa nguvu; husikika karibu na "mas".

## Hatua ya 1: Peleka kitenzi mwisho

Chukua kadi ya *gohan* na kadi ya *tabemasu*. Weka nomino kushoto, kitenzi kulia. Usiongeze kitu kingine.

Kiswahili husema "nakula wali": tendo kwanza, kinacholiwa baadaye. Kijapani hugeuza: wali, kisha kula. Kitenzi hufunga sentensi. Baada yake huja vijineno vya mwisho tu, kama *ka* ya kuuliza.

Rudia kwa jozi kumi: *mizu – nomimasu*, *hon – yomimasu*, *terebi – mimasu*, na kadhalika. Sema kwa sauti huku ukigusa kadi.

Tahadhari: usitafsiri neno kwa neno kutoka mwanzo wa sentensi ya Kiswahili. Ukianza na "nakula", kitenzi kitatoka kwanza na huna pa kukirudisha. Anza kwa kujiuliza "ni kitu gani?", ukitaje, ndipo useme kinafanywa nini.

Umefaulu ikiwa mkono wako unatafuta kadi ya kijani kwanza bila kufikiri.

## Hatua ya 2: Bandika *o* nyuma ya yambwa

Ingiza kadi nyekundu ya *o* katikati:

*Gohan o tabemasu.* Nitakula wali, au hula wali.
*Koohii o nomimasu.* Nitakunywa kahawa.
*Kippu o kaimasu.* Nitanunua tiketi.

*O* inaashiria kitu kinachotendwa moja kwa moja. Aliyesoma Kenya anakikumbuka kama shamirisho kipozi. Tanzania wengi wamefundishwa kukiita yambwa. Ni kitu kimoja.

Kijineno hiki hushikamana na nomino iliyo mbele yake. Ukipumua, pumua baada ya *o*: "gohan-o, tabemasu". Anayesema "gohan... o-tabemasu" husikika kama anayesema "kitabu... cha-Juma" kwa kukata pabaya.

Kwa hiragana *o* hii huandikwa を, na kwenye kibodi ya simu unaipata kwa kubonyeza *w* na *o*. Ukibonyeza *o* tupu unapata お, herufi yenye sauti ileile lakini isiyofanya kazi hii. Tatizo kama hilo liko kwenye *wa* ya Hatua ya 4: huandikwa は, na kwenye kibodi unabonyeza *h* na *a*.

Tahadhari ya *shimasu*: vitenzi vingi huundwa kwa nomino pamoja na *shimasu*. *Benkyoo shimasu* ni kusoma kwa maana ya kujifunza. Unaweza kusema *nihongo o benkyoo shimasu* (najifunza Kijapani) au *nihongo no benkyoo o shimasu* (nafanya masomo ya Kijapani). Usiseme *nihongo o benkyoo o shimasu*. Kitenzi kimoja hakina yambwa mbili za *o*.

## Hatua ya 3: Badilisha mkia wa kitenzi

Hapa unapumzika kidogo. Kiswahili kina ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-, na ukikanusha kina si-, hu-, ha-, hatu-, ham-, hawa-. Kijapani hakina hata kimoja. Mimi, wewe na wao wote ni *tabemasu*. Kinachobadilika ni mkia:

- *tabemasu*: hula, nitakula
- *tabemasen*: sili, sitakula
- *tabemashita*: nilikula, nimekula
- *tabemasen deshita*: sikula

Mikia hii minne inafaa kitenzi chochote kilicho katika umbo la *masu*.

Sasa tazama mahali ambapo -na- yetu inadanganya. "Nakula wali" kwa Kiswahili inaweza kumaanisha niko mezani sasa hivi. *Gohan o tabemasu* haina maana hiyo. Ni mazoea au jambo lijalo. Ukiwa na kijiko mkononi useme *tabete imasu*. Kwa sasa yakariri haya manne mazimamazima: *tabete imasu* (nakula), *nonde imasu* (nakunywa), *yonde imasu* (nasoma), *mite imasu* (natazama).

Na "sijala" si *tabemasen deshita*. Hiyo ni "sikula", yaani mlo umepita na hukuugusa. "Sijala" ni *mada tabete imasen*, ambapo *mada* ni "bado" yetu kabisa. "Nimeshakula" ni *moo tabemashita*.

Kamusi haitakuonyesha *masu*. Itakuonyesha *taberu*, *nomu*, *kaku*. Namna ya kubadilisha:

1. Kikiishia *-iru* au *-eru*, kwa kawaida ondoa *ru*, weka *masu*: *taberu → tabemasu*, *miru → mimasu*.
2. Vingine, geuza *u* ya mwisho iwe *i*, ongeza *masu*: *nomu → nomimasu*, *kaku → kakimasu*, *kau → kaimasu*. Sauti mbili hubadilika njiani: *matsu → machimasu*, *hanasu → hanashimasu*.
3. Viwili ni vikaidi: *suru → shimasu*, *kuru → kimasu*.

Vichache vina sura ya kundi la kwanza lakini hufuata la pili: *kaeru* (kurudi nyumbani) ni *kaerimasu*, *hairu* (kuingia) ni *hairimasu*, *hashiru* (kukimbia) ni *hashirimasu*. Viandike kwa wino mwingine.

## Hatua ya 4: Weka *wa* mahali pake, na uiache mahali pengine

*Wa* hutangaza habari inayozungumzwa. *Asha-san wa hon o yomimasu*: habari ni Asha, naye husoma kitabu.

Kosa la kwanza ni kuanza kila sentensi na *watashi wa*. Mtu akisema "mimi nimeamka, mimi nimeoga, mimi nimekunywa chai", si ungemwona anajidai? Kijapani kina masikio hayohayo. Taja mhusika mara moja, kisha mwache. Usimwite mtu *anata* ("wewe") pia. Tumia jina lake na *-san*, kiambishi cha heshima. Jina lako mwenyewe usilitie *-san*.

Sehemu yenye faida zaidi ni *wa* inapochukua nafasi ya *o*. Sikiliza Kiswahili hiki: "Wali nimeula, nyama sikuigusa." Umezitanguliza yambwa ili kuzilinganisha, na Kiswahili kikakudai -u- na -i- ndani ya kitenzi. Kijapani hufanya jambo lilelile kwa *wa*:

*Gohan wa tabemashita. Niku wa tabemasen deshita.*

*O* imeondoka kabisa. Hakuna *o wa*. *Mo* ("pia") nayo huifukuza *o* vilevile: *sakana mo tabemasu*, samaki pia nala. Kwa *ni* na *de* ni tofauti, zenyewe hubaki: *ni wa*, *de mo*.

Ndiyo maana mwenye mwiko wa chakula hutumia *wa*:

*Butaniku wa tabemasen.* Nyama ya nguruwe sili.
*Osake wa nomimasu ka. – Iie, nomimasen.* Unakunywa pombe? – Hapana, sinywi.

*Butaniku o tabemasen* si kosa la sarufi, lakini haina ule msisitizo wa "hicho ndicho nisichokula, vingine sawa". Mezani, msisitizo huo ndio unaokuokoa.

## Hatua ya 5: Ipasue -ni ya Kiswahili

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Andika sentensi hizi tatu kwenye ukurasa mmoja:

Nipo shuleni. Naenda shuleni. Nasoma shuleni.

Kiswahili kimetumia -ni ileile mara tatu. Kijapani kinasema:

*Gakkoo ni imasu.*
*Gakkoo ni ikimasu.*
*Gakkoo de benkyoo shimasu.*

Kufanana kwa sauti ya *ni* na -ni yetu ni mtego mtupu. Kwa kuwa zinalingana katika sentensi mbili za kwanza, mwanafunzi anaamini zinalingana kote.

Jiulize swali hili: mahali hapa ni kituo, au ni uwanja? Kituo ni pale mtu au kitu kilipo, kinapofika au kinapobaki. Hapo ni *ni*. Uwanja ni pale tendo linapochezwa. Hapo ni *de*.

Sasa jaribu kwa kalamu na daftari halisi. Keti darasani, andika jina lako. Tendo moja, lakini lina mahali pawili:

*Kyooshitsu de namae o kakimasu.* Naandika jina darasani.
*Nooto ni namae o kakimasu.* Naandika jina daftarini.

Darasa ni uwanja. Ukitoka, halibaki na chochote. Daftari ni kituo: wino umefika pale na umebaki pale. Ukiielewa tofauti hii umemaliza nusu ya mwongozo.

Vitenzi vya kituo, vyote kwa *ni*: *imasu* (kuwapo, kwa watu na wanyama), *arimasu* (kuwapo, kwa vitu), *ikimasu* (kwenda), *kimasu* (kuja), *kaerimasu* (kurudi), *hairimasu* (kuingia), *suwarimasu* (kukaa kitini).

Mitego mitatu:

Kuishi. Unafikiri ni tendo, kwa hiyo *de*. Hapana: *Tookyoo ni sunde imasu*. Kwa Wajapani kuishi ni kubaki mahali.

Kufanya kazi. *Kaisha de hatarakimasu* ni "nafanya kazi kwenye kampuni". Lakini *kaisha ni tsutomete imasu* ni "nimeajiriwa kwenye kampuni". Kazi hufanyika uwanjani, ajira humfunga mtu kituoni.

Shughuli. *Arimasu* hudai *ni* kwa kitu kilichowekwa mahali, lakini harusi, mkutano au mechi haviwekwi, vinachezwa. *Ashita Monbasa de kekkonshiki ga arimasu*: kesho kuna harusi Mombasa.

Kuna *e* pia, inayoandikwa へ, ya kuonyesha upande wa safari. *Gakkoo e ikimasu* ni sawa na *gakkoo ni ikimasu*. Ielewe ukiisikia, lakini kwa kuanza tumia *ni* tu.

Wakati nao huchukua *ni* ukiwa wa saa au tarehe: *shichi-ji ni*, saa moja. Naam, saa moja ni *shichi-ji*, yaani saba, kwa sababu Wajapani huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Ukisema *ichi-ji* ukidhani ni saa moja asubuhi, mwenzako atakusubiri saa saba. *Kyoo* (leo), *ashita* (kesho), *kinoo* (jana) na *mainichi* (kila siku) hazichukui *ni*.

Umefaulu ukiweza kutunga sentensi tano zenye *ni* na *de* ndani ya sentensi mojamoja bila kuziparaganya.

## Hatua ya 6: Ongeza mpokeaji na chombo

Chukua sentensi ya darasa la sarufi: "Asha alimwandikia mama barua kwa kalamu." Kipozi ni barua, kitondo ni mama, ala ni kalamu. Kila kimoja kina kijineno chake:

*Asha-san wa pen de okaasan ni tegami o kakimashita.*

Kitondo *ni*, ala *de*, kipozi *o*. Nomino zikibadilishana nafasi maana haiharibiki, mradi kila moja itembee na kijineno chake na kitenzi kibaki nyuma. Mpangilio ulio salama kwa mwanzoni ni: wakati, mahali, chombo, mpokeaji, kitu, kitenzi.

"Kwa" yetu huwa *de* mara nyingi: *basu de ikimasu* (kwa basi), *te de tabemasu* (kwa mkono), *nihongo de kakimasu* (kwa Kijapani). Ila "kwa miguu" si *ashi de*. Ni *aruite ikimasu*.

"Na" ya kuandamana na ya kuunganisha nomino zote ni *to*: *tomodachi to tabemasu* (nala na rafiki), *pan to koohii* (mkate na kahawa). Lakini *to* hii haiunganishi vitenzi, kwa hiyo "nilikula na kunywa" usiiguse nayo.

Onyo la kutoa: "-pa" yetu ni moja, huko ni mbili. Mimi nikimpa mtu, ni *agemasu*. Mtu akinipa mimi, ni *kuremasu*: *Tanaka-san ga watashi ni hon o kuremashita*.

## Hatua ya 7: Kariri vitenzi vyenye kijineno usichokitarajia

Vitengenezee kadi maalumu, kitenzi na kijineno kwenye kadi moja. Hakuna njia ya mkato.

Huwezi kukisia *ni* hapa:

- kupanda basi: *basu ni norimasu*
- kukutana na rafiki: *tomodachi ni aimasu*
- kumwuliza mwalimu: *sensei ni kikimasu*. Kitenzi hichohicho kikiwa na *o* ni kusikiliza: *ongaku o kikimasu*.

Na hapa kuna *o* ambayo Kiswahili hakikuandai:

- kushuka basi: *basu o orimasu*
- kutoka nyumbani: *ie o demasu*
- kuvuka daraja: *hashi o watarimasu*
- kutembea barabarani: *michi o arukimasu*

Panda kwa *ni*, shuka kwa *o*. Ukipanda, basi ni kituo unachofikia. Ukishuka, ni kitu unachokiacha.

Kundi la mwisho hudai *ga*, ingawa kwetu ni yambwa ya wazi:

- napenda samaki: *sakana ga suki desu*
- naelewa Kijapani: *nihongo ga wakarimasu*
- nina gari: *kuruma ga arimasu*

Sababu ni kwamba kwa Kijapani samaki ndiye "anayependeza" na Kijapani ndicho "kinachoeleweka". Wewe huwatendi chochote.

Kwa upande mwingine kuna vitenzi vinavyokwenda nasi bega kwa bega: Mjapani pia hunywa dawa, *kusuri o nomimasu*. Katika "kuvaa" lakini tunaachana: shati ni *kimasu*, suruali na viatu ni *hakimasu*, kofia ni *kaburimasu*. Kijineno ni *o* kwa vyote.

## Hatua ya 8: Tumia mtaji wa "fungua" na "funguka"

Wanafunzi wa lugha nyingi huteseka hapa. Wewe umezaliwa nayo:

- *Doa o akemasu*, nafungua mlango. *Doa ga akimasu*, mlango unafunguka.
- *Kamera o kowashimashita*, nilivunja kamera. *Kamera ga kowaremashita*, kamera imevunjika.
- *Denki o keshimasu*, nazima taa. *Denki ga kiemasu*, taa inazimika.

Ukisikia -ka au -ika kichwani, weka *ga*. Ukisikia umbo la mtendaji, weka *o*. Kila jozi iandike kadi moja, pande mbili.

Angalia "anza" tu, maana kwetu ni neno moja kwa pande zote. "Naanza kazi" ni *shigoto o hajimemasu*, "mkutano unaanza" ni *kaigi ga hajimarimasu*.

## Hatua ya 9: Uliza

Weka *ka* mwishoni, pandisha sauti kidogo. Neno la kuuliza hubaki palepale ambapo jibu lingekaa, kama "unakula nini?" yetu:

*Nani o tabemasu ka. – Sakana o tabemasu.*

Soma tena: *nani* ni "nini". "Nani" yetu ni *dare*. Kosa hili hucheleweshwa sana kusahihishwa, kwa sababu sentensi inasikika sawa masikioni mwa anayeisema. "Nani amekuja?" ni *dare ga kimashita ka*; neno la kuuliza likiwa mtendaji, lipe *ga*, kamwe si *wa*.

## Jipime

Funika majibu, panga kadi, kisha linganisha. Neno ambalo huna kadi yake, liandikie sasa.

1. Kila siku hunywa chai ya rangi.
2. Jana nilinunua samaki sokoni.
3. Kesho saa moja asubuhi nitapanda basi.
4. Nilimwuliza Tanaka.
5. Nilikutana na Tanaka stesheni.
6. Taa imezimika.
7. Naandika jina daftarini kwa kalamu.
8. Kahawa nimekunywa, maji sikunywa.

Majibu:

1. *Mainichi koocha o nomimasu.* Ukiweka *ni* baada ya *mainichi*, rudi Hatua ya 5.
2. *Kinoo ichiba de sakana o kaimashita.* Soko ni uwanja wa kununua.
3. *Ashita asa shichi-ji ni basu ni norimasu.* *Ni* mbili, kila moja na kazi yake: saa, kisha basi.
4. *Tanaka-san ni kikimashita.* Ukiweka *o*, umemsikiliza, hukumwuliza.
5. *Eki de Tanaka-san ni aimashita.* Stesheni *de*, mtu *ni*. Ukizigeuza, Tanaka anakuwa uwanja.
6. *Denki ga kiemashita.* Ukiandika *keshimashita*, umekiri kuwa ni wewe uliyeizima.
7. *Pen de nooto ni namae o kakimasu.*
8. *Koohii wa nomimashita. Mizu wa nomimasen deshita.* Ukitumia *o* mara mbili utaeleweka, lakini ule ulinganisho wa "kahawa ndiyo, maji hapana" utakuwa umepotea.

Ukikosa la 5 au la 7, usiende mbele: tunga sentensi kumi za *ni* na *de* kutokana na vitu vilivyo mezani pako, leo na kesho. Ukikosa la 6, rudia kadi za Hatua ya 8. Mengine yanarekebishika njiani.